Nifuateni, Mji wa Kale Naujua

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka na wazo. Dada kasema mawazo yangu yote huanza kitandani na huishia hukohuko. Nimemsamehe. Kushona nguo za watu kutwa nzima kunachosha roho.

Hali yenyewe ni hii. Tangu duka la mbao liniachishe kazi (sikukosea kipimo, ubao ndio uliokuwa mfupi) nakaa kwa dada na shemeji. Jana dada kaniambia bila kupepesa macho: Jumamosi ikifika sina kazi, naenda kwa mjomba kwenye mabanda ya kuku. Mimi! Jogoo wa mjomba ananijua kwa sura, na hanipendi.

Wazo lenyewe: kutembeza wageni mji wa kale. Wanakuja wengi, wanataka kuonyeshwa ngome na milango ya nakshi, na anayewaonyesha ni mtu mmoja tu, jirani yetu wa chini, Profesa. Si profesa. Ana miwani na anaongea polepole, basi. Hutangulia na mwavuli wa njano, watu wanamfuata kama vifaranga. Nimeuliza moyo wangu: ana nini ambacho mimi sina? Moyo umejibu: mwavuli.

Jumanne, 4 Juni

Nimejiunga na msafara wa Profesa kisirisiri. Kofia ya shemeji, miwani ya jua ya dada. Nia: kuiba historia yote, kisha nianzishe ziara yangu.

Upepo wa baharini umeharibu kila kitu. Huku nyuma nilipata nusunusu tu. Kuna tajiri alimjengea mke nyumba, au aliijengea nyumba mke. Mtu wa toroli alipita hapo akipiga kelele tumpishe. Mzinga wa ngomeni haukuwahi kupigwa, au ulipigwa ukampata mpigaji. Nimechagua la pili, lina uhai zaidi.

Mgeni mmoja kamuuliza nani alijenga mnara. Kajibu: sijui. Sijui! Mbele ya watu!

Mwisho kaja moja kwa moja kwangu, kaniuliza dada hajambo. Nikabadili sauti, nikasema simfahamu dada yake. Akasema hakuulizia dada yake, aliulizia wangu. Nimerudi nimechanganyikiwa. Kanijuaje?

Jioni nimepata habari nzito. Dada anamshonea Profesa suti. Alhamisi hafanyi kazi, ana jambo lake kubwa, kasema dada, na akacheka. Suti ya nini? Ni wazi anapanua biashara. Lazima nimtangulie. Alhamisi hiyohiyo!

Jumatano, 5 Juni

Nimesimama langoni pa ngome tangu asubuhi, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nimepata wageni wa kesho. Mama mmoja mwalimu mstaafu, anauliza maswali mengi mno. Kijana mrefu mpiga picha, hajaoa, haongei. Mume na mke wanaobishana kuhusu hoteli. Wanatosha.

Sina mwavuli. Nimechukua mwiko mkubwa wa dada, nimeufunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Unaonekana kutoka mbali. Nimefanya mazoezi chumbani: Nifuateni! Dada kauliza kutoka jikoni nani amfuate nani, na mwiko wake uko wapi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku gani hii! Niandike taratibu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mzinga umewasisimua. Kisha tukaingia vichochoroni. Vichochoro vya mji wa kale havina adabu: unakata kulia, unakata kulia tena, unajikuta kushoto. Tukatokea kwenye kisima. Nikasema ni kisima cha wanamaji. Tukatembea sana, tukatokea kwenye kisima. Nikasema hiki ni cha watawa. Mara ya tatu nikasema ni cha mfalme, na Mama Mwalimu akasema paka aliyelala hapo pia lazima awe wa mfalme, maana alikuwa wa watawa, na kabla ya hapo alikuwa mwanamaji.

Nikaona nyumba ya mlango wa nakshi, iko wazi, viti vimepangwa. Nikasema hili ni jumba la yule tajiri, tuingie. Mzee mmoja, fundi saa, kuta zake zote zimejaa saa, akaja mbio.

"Karibuni, karibuni! Tulidhani mtachelewa!"

Nilishtuka. Kumbe habari zangu zimeshaenea hivi?

Mama Mwalimu akapewa kiti kikubwa na juisi. Wanawake wakachungulia kutoka nyuma ya pazia, wakamtazama mpiga picha, wakanong'ona kuhusu urefu wake. Mzee akamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anapiga picha milango. Mzee akakunja uso: walivyoambiwa wao, kijana anajua historia ya mji. Nikasimama. Hapo lazima nisimame. Nikasema mwenye historia ni mimi.

Mzee akanipima juu chini, macho yakatua kwenye mwiko.

"Sawa. Sisi hatuna maneno mengi. Tukikubali leo, utatunza kweli?"

Nikajua anazungumzia nyumba. Nani asingejua hivyo?

"Nitatunza, mzee. Nitaleta watu waone, asubuhi na jioni. Atakayetaka kugusa aguse, ila kwa ustaarabu."

Mzee akasimama. Nyuma ya pazia chombo cha udongo kilianguka.

Hapo akaingia Profesa. Suti mpya, shangazi wawili, maua mkononi. Kumbe jambo lake kubwa ndilo hili: kaja kuposa binti wa fundi saa!

Mzee akamtazama, akatutazama sisi, akauliza ni mchezo gani tunamchezea binti yake. Wachumba wawili, mmoja na mwiko? Akasema wote tutoke, na Profesa wa kwanza. Profesa, mtu anayeongea na umati kila siku, alivua miwani akaanza kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Shangazi mmoja akaanza kulia.

  Nikajikuta naongea.

"Mzee, huyu hayuko nasi. Mimi ni mshindani wake. Juzi nilimfuata mji mzima nimejificha, natafuta cha kumwangushia. Sikupata. Watu walimuuliza nani kajenga mnara, akasema hajui. Mbele yao wote! Mimi ningekufa kwanza."

 Saa zikagonga ukutani, kila moja na wakati wake. Kisha binti akatoka nyuma ya pazia. Ni muuza dawa, mimi mwenyewe nilishanunua kwake dawa ya kikohozi.

"Baba, ndiyo sababu namtaka. Wanaojua kila kitu nawahudumia dukani kutwa."

Mama Mwalimu akasema yeye ni shahidi, kisha akasimulia habari za kisima na paka. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Profesa akapewa kiti. Sisi tukapewa mlango. Mama Mwalimu alikataa kutoka, alisema juisi haijaisha.

Sijaelewa bado: nimeharibu au nimetengeneza?

Ijumaa, 7 Juni

Profesa kabisha hodi. Nikaenda nyuma ya cherehani ya dada. Akanisalimia hukohuko.

Posa imekubaliwa. Kasema bila mimi angetoka pale bila mke, ingawa pia bila mimi asingekuwa na tatizo lolote. Kisha akanipa kazi. Kweli! Yeye atatangulia, mimi nikae nyuma, nihakikishe hakuna mgeni anayepotelea vichochoroni. Sharti moja: nisiseme chochote. Hata jina langu nisiseme.

Dada kamkumbatia kaka yake, yaani mimi, akalia. Kampigia mjomba kumwambia awaombe kuku radhi. Akaniambia, usiharibu, mdogo wangu, safari hii tafadhali. Nimemwahidi kwa moyo wote. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Jumamosi, 8 Juni

Kazi imeanza vizuri kupita kiasi. Ngomeni, kimya. Forodhani, kimya. Nimeheshimika kwa ukimya.

Karibu na ghala la zamani, mama wa nyuma kabisa kauliza kwa upole kile kimlango cha chuma ni cha nini. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nilijitahidi, Mungu anajua. Lakini mgeni ni mgeni. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba humo alikaa fundi wa matanga, aliyejishonea ndani ya tanga kwa bahati mbaya, akavuka bahari bila kutaka. Mama akasema wee! Walio mbele yake wakageuka. Nikarudia kwa sauti. Wakaja na wengine. Wakataka kuona alipoishi mkewe. Ningekataaje? Nikakata kulia.

Sasa naandika nimekaa kwenye ngazi za nyumba nisiyoijua, wageni wanapiga picha nguo zilizoanikwa. Sauti ya Profesa ilikuwa inaita upande wa kushoto, sasa inaita upande wa kulia, au ni muuza samaki. Wameniuliza kama tumepotea. Nimewaambia hii ni sehemu ya mji ambayo hata Profesa haijui. Wamefurahi sana.

Jumatatu nitamwomba tubadilishane. Yeye akae nyuma.