Hitima ya Mchoraji wa Kamarada Kaa

Jumatatu, 8 Oktoba 2012. Mocímboa da Praia.

Naandika ofisini, saa ya chakula, mlango nimeufunga. Nimerudi kuangalia kama nimeufunga. Nimeufunga.

Habari kubwa! Senhor Raimundo, mkuu wetu hapa kwenye wakala wa mizigo bandarini, anahamia Palma kufungua ofisi ya kuwahudumia watu wa gesi. Atachukua karani mmoja. Makarani tuko wawili: mimi, Nurdine, na Jamaldine. Desemba mikataba yetu inakwisha, na atakayebaki hapa hana kazi. Jamaldine hupiga pasi mashati yake na hashtuki simu ikilia. Mimi hushtuka hata isipolia.

Leo Senhor Raimundo ameliona mezani kwangu toleo la pili la Kamarada Kaa. Akakaa chini. Akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kumbe alijifunza kusoma kwa kitabu hiki cha katuni, shuleni Mueda, miaka ya mwanzo ya uhuru: kaa mwenye kofia ya askari anayefundisha watu kunawa mikono na kuwafichua wavivu. Akasema kuna kitu kimoja amekitafuta tangu utotoni: toleo la kwanza lenye sahihi ya mchoraji mwenyewe, Ussumane Mfaume. Jina lake na ukucha wa kaa, kwa wino mweusi. Karani atakayemletea hatamsahau, akasema. Akamtazama nani? Katikati yetu!

Toleo la kwanza ninalo. Halina sahihi. Jamaldine analo pia. Halina sahihi. Tumevikusanya vitabu hivi tangu sekondari, kila mmoja akimficha mwenzake, kila mmoja akijua.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemwendea Awa, muuza samaki pale gatini. Ni mzaliwa wa Macaloe, kisiwa cha mchoraji. Akasema Ussumane Mfaume alizama zamani, maiti haikuonekana, kisiwa kizima kikamsalia ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo. Tulishamaliza naye, mwanangu, akasema.

Kisha akapunguza sauti. Tangu meli za gesi zianze kutoboa chini ya bahari, akasema, waliozama hawalali. Wanagongewa. Na mtu akigongewa hutoka kuona ni nani.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanifungia samaki ambaye sikumwagiza.

Mpango wangu ni huu: sahihi nitaitia mwenyewe. Mwenye jina hayupo kulalamika. Toleo langu la nne lina sahihi yake halisi, ingawa mchwa wamelila, basi nimeiga kutoka humo mchana kutwa. Ukucha mgumu, jina rahisi. Nilipolipata jina vizuri kabisa, feni ikasimama. Umeme ulikatika, najua. Hukatika kila siku. Lakini kwa nini wakati ule?

Nikaiweka kalamu chini. Kuiba jina la maiti bila kumpa hata dua! Mimi ni mtu mwangalifu. Nitamsomea hitima kwanza. Akishapata thawabu zake, hatakuwa na neno juu ya sahihi moja. Ni haki kabisa. Sioni pa kulaumiwa.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu Abdulcarimo wa madrasa. Akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Swali hilo sikulitayarisha! Mjomba, nikasema. Akanishika mkono, hakuuachia. Akasema sisi vijana wa ofisini tunasingiziwa kuwa tumewasahau wafu wetu.

Baada ya alasiri akatangaza msikitini: kesho, hitima ya Ussumane bin Mfaume, kwa mpwa wake Nurdine, karani. Nusu saa baadaye majirani wakawa kwetu, kanga kichwani, wanampa mama pole ya kaka yake. Mama ni mtoto pekee.

Mama akanivuta jikoni. Akataka kujua huyo kaka yake alizaliwa lini, na nani, na kwa nini hakualikwa. Nikamweleza kazi ya Palma. Akatoka, akaketi na wenziwe, akalia. Alilia vizuri sana. Akamkumbuka hata akiwa mdogo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Hitima imesomwa baada ya adhuhuri. Jua la utosi, barazani hakuna upepo, hakuna kitu chenye kivuli. Nilikiweka kitabu juu ya kabati la chumba cha mbele, wazi ukurasa wa kwanza, ili marehemu ajue shauri linahusu nini.

Jamaldine amekuja! Kanzu imepigwa pasi. Akanipa pole kwa sauti ya kusikika na wote. Mano Nurdine, akasema, ndugu yangu, mwezi uliopita ulipoomba ruhusa ya msiba ulisema shangazi ndiye ndugu yako wa mwisho. Ukoo wenu unaongezeka kwa kufa! Wawili watatu wakakohoa.

Mwalimu akagawa juzuu. Hapo ndipo nilipomwona. Mzee mwembamba, karibu na viatu. Sikumwona akiingia. Mvua haijanyesha tangu Mei, lakini upindo wa kikoi chake ulikuwa umelowa, na sakafu ilikuwa imelowa alipokaa. Juzuu yake hakuifungua. Aliisoma imefungwa, midomo ikitembea. Mwalimu alipomtaja marehemu, Ussumane bin Mfaume, mzee akaitikia amina kabla ya wote, kwa nguvu kuliko wote.

Nikapeleka sinia. Akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Mjomba, nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hakujua kama ana mpwa."

Akataka kujua alikufaje. Alizama, nikasema. Akauliza kama maji yalikuwa ya baridi. Nikasema sana. Akajikunyata, akaomba aongezewe wali.

Nilimwacha nikatoe maji ya kunawa. Niliporudi alikuwa anatoka chumba cha mbele, akasema alipotea njia. Jamaldine akamsindikiza hadi barabarani, amemshika kiwiko, wanazungumza. Mnafiki! Anajipendekeza hata kwa wazee wasiojulikana.

Nimeuliza watu wote yule ni wa nani. Hakuna anayemjua. Mwalimu alidhani ni wa upande wetu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimetoka swala ya Ijumaa nimetulia. Dua zimesomwa, ruhusa nimepata, kalamu ninayo. Nikakishusha kitabu kabatini.

Kimeshatiwa sahihi.

Jina. Ukucha. Wino mweusi, mahali pale pale nilipopachagua. Si mkono wangu. Ukucha wangu hupinda kushoto, huu umesimama sawasawa. Nikaugusa kwa kidole, kikatoka cheusi.

Nimeketi kitandani. Awa alisema: akigongewa, hutoka kuona ni nani. Na mimi nimemgongea kwa hitima nzima!

Mtu mwingine angefurahi. Jamaldine angefurahi. Lakini nani atampelekea mkuu wake wa kazi kitu kilichoandikwa na maiti? Na Palma imezungukwa na bahari upande mzima!

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimemkuta Mwalimu Abdulcarimo uwanjani, watoto wa madrasa wanaosha mbao zao za kuandikia kwa somo jipya. Sikumweleza yote. Karani mzuri haelezi yote. Nikamwuliza: andiko likiingia nyumbani kwa mtu, naye hamjui mwandishi, afanyeje? Macho yake yalikuwa kwa watoto. Akasema andiko halitupwi, mwanangu, wala halichomwi ovyo. Linaoshwa.

Bila shaka! Nimekwenda nyumbani mbio. Nimeweka bakuli, nimechukua marashi ya mama na pamba, nimeiosha sahihi taratibu, herufi moja moja. Chapa ya kitabu imebaki, wino wa kalamu umetoka wote. Ukucha ndio uliokuwa wa mwisho kutoka. Ulikuwa kama umeshika karatasi.

Likabaki swali la maji yale. Nimefikiri sana. Kombe, maji yaliyooshea maandiko, halimwagwi. Kombe linanywewa.

Nimelinywa. Ladha ya msumari na waridi. Sasa nyumba imetulia. Jumatatu nitatia sahihi yangu mwenyewe, safi, ya mtu aliye hai.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimechelewa kazini kwa tumbo. Nikaingia. Kwenye kiti cha Senhor Raimundo ameketi yule mzee.

Senhor Raimundo amesimama kando yake kama mwanafunzi, machozi yanamtoka. Jamaldine amesimama upande wa pili, kama mwenye mali. Mezani toleo la kwanza la Jamaldine, na mzee anamalizia ukucha.

Senhor Raimundo akanieleza bila mimi kuuliza. Huyu ndiye Ussumane Mfaume! Chombo kilizama, watu wa Mtwara wakamwopoa, akabaki huko akichora mabango ya maduka. Aliposikia habari za gesi akarudi, labda na huku watataka mabango. Alifika Macaloe, hakuna aliyeitikia salamu yake. Walishamsalia. Watoto waliingizwa ndani. Akaja hapa mjini, na siku ya kwanza anasikia jina lake linatangazwa msikitini. Akaenda kumwona anayemlilia ni nani. Jamaldine alimwuliza tu jina lake. Akamwuliza! Njiani! Ni mtu gani huuliza wageni majina yao kwenye msiba?

Mzee akanyoosha mkono kwangu. "Mpwa wangu ndiye huyu," akasema. "Kisiwa kizima kilinizika nikiwa hai, huyu peke yake akanipikia. Chake nilikitia sahihi siku ile ile, kabla ya kingine chochote."

Senhor Raimundo akaruka. Basi wa kwanza ni wewe, Nurdine! Palma ni yako! Kilete!

Kilikuwa mkobani. Nikakitoa. Ukurasa umejikunja kama ngozi ya ngoma na unanukia waridi. Akaugeuza huku na huku. Akauliza sahihi iko wapi.

"Nimeinywa, chefe."

Jamaldine akatoka nje. Kicheko chake kilisikika hadi gatini. Senhor Raimundo hakucheka. Akanirudishia kitabu kwa vidole viwili, akamwambia Jamaldine kupitia dirishani afungashe.

Nilimwona Awa getini, beseni kichwani. Alikuwa anamtazama mzee. Akalitua beseni, akaenda zake, samaki akawaacha.

Jumatano, 17 Oktoba

Jamaldine ameondoka asubuhi kwa gari la Senhor Raimundo, ameketi mbele. Akanipungia mkono. Akasema nikifiwa tena nimjulishe.

Mzee amehamia kwetu. Alikuja jana na furushi lake, akasema mtu hulala kwa mpwa wake. Mtaa mzima ulisikia nikimwita mjomba, nitamkatalia vipi? Mama anamwita kaka. Wanakumbushana utoto wao. Pale anapoketi sakafu inalowa, mama anasema ni mtu wa udhu. Chakula anakula cha watatu. Sijamwona akitokwa na jasho, na leo hata ukuta unatokwa.

Lakini si mwisho! Senhor Raimundo ameacha neno: kazi ikiwa nyingi, kabla ya Desemba atahitaji karani wa pili, na toleo la pili lenye sahihi lingemkumbusha jina langu kwa wema. Toleo la pili ninalo! Halina sahihi!

Mzee amesikia. Tangu asubuhi ananifuata na kalamu. Lete, mpwa wangu, nikutilie. Sitadanganyika. Karatasi za kuthibitisha maisha yake ya Mtwara hana hata moja, Awa amekimbia, watu wa kisiwa chake mwenyewe hawamtambui. Sahihi ya mtu wa namna hii ina uhalali gani? Mimi ni mtu mwangalifu. Nimeamua kuitia mwenyewe.

Nimeketi barazani, jua la utosi, kitabu magotini. Jina limetoka vizuri. Nilipofika kwenye ukucha, mzee akainama begani kwangu. Akasema unapinda kushoto. Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake ili anielekeze. Mkono wa baridi, umekunjamana kama wa mtu aliyekaa sana majini.

Ukucha umesimama sawasawa. Mzuri sana. Amemaliza.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado hajauachia.