Nukta Mbili Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Tik. Kasauti kadogo, kama kucha inayokatika. Bado nakasikia. Nilikuwa nakaza skrubu ya tatu ya kishikio changu cha kioo: vibati viwili, springi za kalamu, matundu niliyotoboa kwa keekee ya mkono. Ukizungusha skrubu, kioo kinainama kiasi cha unywele na nukta ya leza inasogea ukutani. Nikasema niongeze robo zunguko, kishike barabara. Tik! Kioo pekee cha maabara, ufa toka ukingo hadi ukingo. Mwalimu alinikabidhi kwa mikono miwili! Ijumaa anachagua wa kufanya naye jaribio kubwa: mimi au Bwana Nadhifu, mwenzangu anayepiga pasi hata leso. Nimekifunga kwenye leso yangu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi
Kioo cha kasha la poda la Shangazi, tunayeishi kwake mimi na mdogo wangu, kina mviringo uleule. Mungu si Athumani! Nimekibandua akiwa anaoga. Kimeingia bila hata kupigwa tupa.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi kafungua kasha, kakuta gundi tupu. Kamshukia mdogo wangu: siku za mwizi arobaini, na zako ndiyo hizi! Mtoto akaapa, haki ya nani, Shangazi, si mimi. Nikampa leso ajifute machozi. Si ile.

Ijumaa, 7 Machi
Nukta mbili. Mbili! Kioo cha urembo kimepakwa fedha nyuma, hivyo uso wa glasi nao unarudisha mwanga wake. Cha maabara kimepakwa mbele. Hili nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote! Bwana Nadhifu akauliza, kwa upole, kama ya pili ni ya akiba. Mwalimu akazungusha skrubu zangu polepole, kisha akasema, mwanangu, una mkono wewe, nafasi ni yako. Na kioo chake je? Nikasema nimekihifadhi, hiki ni cha kujaribia tu. Akanisifu kwa uangalifu wangu. Ardhi haikunimeza. Anakitaka Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi
Rangi ya nyuma ya kioo cha Shangazi nimeiondoa kwa dawa yake ya kufutia kucha, nikakigeuza, fedha ikawa mbele. Nukta moja! Mwalimu atakipokea hicho kama chake.
Lakini mdogo wangu hasemeshwi tangu Jumatano. Nimeamua: hatabeba mzigo wangu hata siku moja zaidi. Kioo cha maabara, na ufa wake, nimeshakitumbukiza chini kabisa ya mkoba wa Shangazi. Ataona ni chake, kilibanduka chenyewe.
Leso nimeifua.