Sufuri ya Kilo Sabini na Nane

Sattar Mpishi,
Mtaa wa Kuze, nyumba ya pili baada ya madrasa,
Mombasa.
Jumanne asubuhi.

Kwa Bi. Mercy Mbodze,
Mkuu wa Idara ya Hesabu,
Chuoni.

Bi. Mkuu,

MINTARAFU YA SUFURI ALIYOPEWA BINTI YANGU AREEBA

Baada ya salamu na kukutakia afya njema, mimi ni Sattar, mpishi wa biriani za harusi. Kama umewahi kula harusini katika kisiwa hiki, kuanzia Kuze mpaka Bondeni, ukarudi nyumbani umeshiba, basi tumeshajuana ila wewe hukujua. Huu ni mwaka wangu wa thelathini na mbili katika kazi hii. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na sijawahi kumrudisha mgeni kwake na njaa. Nayataja hayo mawili pamoja kwa makusudi.

Areeba ni binti yangu wa pekee. Yuko mwaka wa pili chuoni kwenu, anasomea usimamizi wa vyakula, na miongoni mwa masomo yake zimo hesabu za biashara na za sayansi zinazofundishwa na kijana wenu, Bwana Kahindi. Wiki mbili zilizopita Bwana Kahindi aliwapa wanafunzi karatasi ya maswali matatu wakaifanyie nyumbani, kila swali alama kumi. Ijumaa iliyopita Areeba alirudishiwa karatasi yake ikiwa na sufuri juu ya thelathini. Sufuri, Bi. Mkuu. Hata aliyeandika jina lake tu akalala huonewa huruma akapewa moja.

Ingekuwa sufuri ya kuliliwa siku moja ikaisha, nisingekusumbua. Lakini iko kampuni huko Kilindini inayopeleka vyakula melini, na imeahidi kumchukua mwanafunzi mmoja wa chuo chenu kwa mafunzo ya miezi sita, na pengine akabaki hapohapo kazini. Jina linapelekwa Ijumaa hii. Areeba alikuwa wa kwanza katika orodha mpaka sufuri hii ilipomwangukia, na sasa ameambiwa ni wa nne. Tangu siku hiyo hali chakula changu, na mimi sijazoea mtu kukataa chakula changu.

Kwa hivyo naeleza malalamiko yangu kwa namba, maana nimeambiwa kwamba chuoni neno lisilo na namba halisomwi.

1. Swali la kwanza lilisema hivi: harusi ina wageni mia mbili na arubaini, na kila mgeni anahitaji gramu mia na hamsini za mchele. Je, mchele wote ni kilo ngapi? Bwana Kahindi anasema thelathini na sita. Karatasi ya Areeba inasema sabini na nane, na maelezo yamo. Harusi ya mji huu haihesabiwi kwa mgeni, inahesabiwa kwa sinia. Sinia moja huzungukwa na watu sita, na hupikiwa kilo moja na nusu ya mchele. Wageni mia mbili na arubaini ni masinia arubaini. Kisha yako masinia ya nje, kumi na mawili: la msikitini, la bibi harusi na mashoga zake ghorofani, la walinzi, la wagonjwa, la majirani waliovumilia moshi wetu tangu alfajiri, na mengine ambayo kila mpishi anayajua na hakuna aliyeyaandika popote. Jumla masinia hamsini na mawili. Zidisha mwenyewe kwa moja na nusu, kama Bwana Kahindi atakuruhusu.

Yote hayo ameyapigia mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba swali halikutaja majirani. Ni kweli, halikutaja. Ndiyo maana nasema liliandikwa na mtu asiyejua kama kuna anayeishi upande wa pili wa ukuta wake.

2. Shahidi wangu mkubwa ni Bwana Kahindi mwenyewe. Mfunguo Mosi uliopita, harusi zilipofululiza baada ya Ramadhani, nilipika harusi moja ya Bondeni kwa Bwana Imran. Bwana Kahindi alikuja akiandamana na rafiki yake aliyekuwa na kadi. Yeye kadi hakuwa nayo. Nilimwona kwa macho yangu mawili amesimama mlangoni anajifanya kusoma simu, mpaka watu sita waliokaa kwenye sinia moja wakasogeleana wakampisha, akawa wa saba. Hakuna aliyemuuliza jina. Alikula vizuri sana, na akaomba kiazi akaongezwa kiazi. Sasa naomba unionyeshe, katika zile kilo zake thelathini na sita, mtu huyo wa saba yuko wapi. Mimi nimemtafuta kwa miwani na sikumwona. Laiti siku ile ningepika kwa kanuni yake, angerudi kwao anapiga miayo, na leo tungekuwa na mwalimu wa hesabu anayejua hesabu.

3. Swali la pili lilikuwa la sayansi. Lita sitini za maji, joto lake nyuzi thelathini, zinahitaji nishati kiasi gani ili zichemke? Jibu, ati, litolewe kwa jouli. Bi. Mkuu, nimenunua kuni kwa miaka thelathini na mbili na sijawahi kumwona mtu amejitwika mzigo wa jouli. Karatasi ya Areeba ilijibu kiungwana: mizigo miwili ya kuni zikiwa kavu, na mitatu ikiwa Gunga, mtu wangu wa motoni, ameziacha mvuani kama kawaida yake. Jibu hilo limechemsha maji kwa miaka thelathini na mbili. Limepewa sufuri.

4. Swali la tatu. Mtu mmoja anamenya kilo kumi za vitunguu kwa saa moja. Watu wanne watamenya kilo hizohizo kwa muda gani? Bwana Kahindi, ambaye naona wazi hajawahi kukaa na watu wanne mbele ya gunia la vitunguu, anasema dakika kumi na tano. Jibu ni saa mbili. Mmoja akimenya peke yake hana wa kuzungumza naye, kwa hivyo humaliza. Wakiwa wanne, mmoja ataleta habari za harusi ya juzi, wa pili atazikanusha, wa tatu atatafuta picha kwenye simu, na wa nne ataomba aanziwe upya kwa kuwa alikuwa amekwenda kunawa macho. Ningemshauri Bwana Kahindi aje ajionee, lakini atakuwa wa tano na tutafika saa tatu.

5. Juu ya hayo ameandika, kwa wino uleule mwekundu, kwamba karatasi ni chafu, ina mafuta na imefutwafutwa. Mafuta hayo ni samli safi, Bi. Mkuu. Wako watu ambao wangeibusu karatasi hiyo.

6. Nimeisoma karatasi yote ya maswali mara nne, na neno "tuchukulie" limo mara saba. Tuchukulie wageni wote wanakula sawa. Tuchukulie moto hauvuji. Tuchukulie wamenyaji wote wana kasi moja. Mimi nikimwambia mwenye harusi tuchukulie nyama imeiva, nitatolewa pale kwa mateke na nitastahili. Ninyi mnalisema neno hilo mara saba na mnaitwa wasomi. Nami nimekaa nikaona jambo hili linaelekea wapi. Kijana anayefundishwa kuchukulia kwamba watu wote wanakula sawa atamaliza chuo akichukulia kwamba wanakunywa sawa na wanaoga sawa. Atapewa afisi na kiti cha kuzunguka, atapanga mambo ya mji mzima kwa gramu, na mtu wa saba hatakuwamo katika mpango wowote. Ndiyo maana maji yakikatika hapa Kuze siku tatu, mimi huwa sishangai. Najua tu kwamba yuko mtu mahali fulani aliyepata thelathini juu ya thelathini.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo, na siombi kwa kubembeleza. Areeba apewe alama zake zote thelathini kabla ya Ijumaa, na radhi aombwe mbele ya darasa. Bwana Kahindi aletwe jikoni kwangu miezi mitatu, amenye vitunguu na wenzake watatu, nasi tutamshikia saa. Hesabu zote chuoni zisimamishwe mpaka atakapohitimu kwangu.

Haya yasipofanyika, nakukumbusha kwamba chakula cha mahafali yenu hukipika mimi. Mwaka huu nitapika kwa kanuni ya chuo. Gramu mia na hamsini kwa kila jina lililo kwenye orodha, hata punje moja isizidi. Lango lifungwe. Mzazi aliyekuja na shangazi, shangazi huyo abaki nje. Na akitokea mtu wa saba kwenye sinia, hata akiwa mgeni wa heshima mwenyewe, atapewa kanuni iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi, hatua kwa hatua, aitafune.

Nisalimie walimu wote wa idara, makarani, na mlinzi wa langoni aliyeniambia jana kwamba hupo afisini, ilhali nilikuona dirishani. Msalimie pia Bwana Kahindi, na umwambie kiazi kile kilikuwa cha mwisho. Gunga anakusalimu. Mke wangu Mubaraka naye anakusalimu, ingawa amekataa kuisoma barua hii.

Ndimi mzazi mwenye uchungu na mwenye hoja,

Sattar Mpishi

Tanbihi:

Bi. Mkuu, Mubaraka ameikalia bahasha. Kumbe barua ameisoma nilipokwenda kunawa, na anasema haitoki ndani ya nyumba hii mpaka niandike yaliyobaki. Nimemwomba kwa uzuri na hakuinuka. Basi naandika.

Areeba aliifanya karatasi ile Alhamisi alasiri, kwenye meza ya jikoni, kwa penseli, safi kabisa, na akaniita niione kwa kuwa alikuwa amefurahi. Nilivaa miwani nikasoma. Nikamwambia hakuna mtoto wangu atakayeandika kilo thelathini na sita ndani ya nyumba yangu. Alinieleza kwa adabu kwamba swali halikuuliza hivyo ninavyofikiria mimi. Nilisimama nyuma yake na mwiko mkononi mpaka akafuta yote matatu. Mwandiko ni wake, majibu ni yangu. Na ile samli ni ya kidole changu, nilipokuwa nikimwonyesha mahali pa kuandika.

Mwambie Bwana Kahindi aiinue karatasi dirishani, kwenye mwanga. Chini ya sabini na nane kuna thelathini na sita. Chini ya saa mbili kuna dakika kumi na tano. Chini ya mizigo ya kuni kuna namba ndefu ambayo mimi siijui kuisoma, na hatua zake zote zimejipanga. Yeye ataijua.

Mubaraka bado hajainuka.

Ile harusi ya Bondeni, alikokula Bwana Kahindi, kiasi cha mchele sikukijua mimi. Tangu mwaka jana hesabu zinanipotea. Siku ile niliyahesabu masinia mara mbili na mara zote mbili nikasahau nilipofika, na Gunga akageuza uso asinione. Areeba ndiye aliyechukua karatasi. Alimuuliza Bwana Imran majirani ni wangapi na wagonjwa ni wangapi, akawaandika wote, na chini kabisa akaandika: tuchukulie watu kumi na wanane hawana kadi. Kisha akanitajia kilo, nikatia hizohizo, na zikatosha. Mtu wa saba alikuwamo, Bi. Mkuu. Alikuwamo katika hesabu ya mwanangu, na kiazi chake pia, na hesabu hiyo amefundishwa kwenu.

Sasa Kilindini inamtaka. Sijui kama nilimfutisha majibu yale kwa kiburi au kwa kuogopa kwamba akiondoka sitakuwa na wa kunihesabia. Nimejiuliza tangu Ijumaa na jibu sijalipata. Ninachojua ni kwamba nimemharibia mwanangu, na kwamba hakunitaja kwenu hata kwa neno moja, akakubali aonekane yeye ndiye hajui.

Mpeni alama zake, na Ijumaa pelekeni jina lake. Ile sufuri ni halali yangu. Niandikieni mimi.