Anayepinga Asimame

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye lango la soko, na kabla jua halijakolea lilikuwa limeshafika kwenye benchi la Fundi Viatu: kuanzia Jumatatu meza zote ziwe na kimo kimoja, zifike kifuani kwa mtu mzima. Atakayeshindwa aachie nafasi yake. Limepitishwa bila kupingwa.

Fundi alishameza mengi maishani, lakini hili lilimkaba. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Alifanya kazi amekaa chini, na meza yake ilikuwa fupi kama kigoda. Hiyo ya kifuani angeifikia kwa ngazi.

"Bila kupingwa vipi, na mimi nilikuwepo mkutanoni?" aliuliza.

"Nilitangaza anayepinga asimame," alisema Profesa, katibu wa kamati ya soko, aliyekuwa hapo akisubiri viatu vyake, na ambaye uprofesa wake aliupatia hapo hapo kijiweni. "Hakusimama mtu. Sasa ulitaka niandike nini, ndoto zako?"

Mama Mitumba, jirani yake wa meza, akaangua kicheko, kisha akakikatisha. "Na mimi nilikaa, kaka," alikiri. "Meza yangu ilikuwa salama, nikaona ya nini kujitia kimbelembele. Naona haya."

Profesa hakuwa na haya hata ya kuazima. Akamwaga mhadhara: wengi wape, sheria haina macho, ukimpa mmoja meza fupi leo, kesho mwingine atadai kitanda. Usawa, alisema, ni watu wote kupimwa kwa kipimo kimoja.

"Kimoja kweli?" Fundi aliuliza.

"Kimoja. Hapa hakuna upendeleo."

Fundi akainama, akafanya kazi kwa robo saa, kisha akamkabidhi Profesa viatu alivyoleta kushonwa. Profesa akavivaa, akapiga hatua tatu, akayumba. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo. Miaka yote Fundi alikuwa akiongeza tabaka mbili za ngozi kwenye soli ya kushoto, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Fundi, umeniharibia. Cha kushoto kiko chini."

"Viko sawasawa, Profesa, nimepima. Tukimpa wa kushoto soli nene leo, kesho wa kulia atadai kisigino."

Mama Mitumba akajifunika uso kwa kanga. Profesa akaondoka amenuna, akichechemea, mpaka alipofika kwa wauza mboga na watu wakaanza kumtazama miguuni. Akasimama. Akageuka, akarudi polepole, akaketi karibu na Fundi na kufungua kitabu cha mikutano.

"Hiyo meza yako," aliuliza kwa sauti ya chini, "ulisema iwe na kimo gani?"