Nani Anasimamisha Treni Yangu

Jumatatu, 8 Oktoba 2012

Treni imezunguka meza yote bila kusukumwa. Yote! Naandika kama ushahidi, kwa sababu watu wa hii block kesho wataanza kusema haikutembea.

Si kitu ya watoto. Ni treni ndogo ya wazungu watu wazima, kichwa na mabehewa, kila skrubu iko mahali yake. Fundi mmoja wa ndege huko Loki, kwa uwanja wa ndege za misaada, alirudi kwao akaacha vitu. Gitau wa duka akachukua viti vyake, na hii ikakuja ndani ya boksi. Gitau hakujua ni nini. Nilimtengenezea redio, akanipa boksi, akafurahi limetoka. Stima natoa kwa betri ya pikipiki. Katikati ya waya nimeweka balbu ya taa ya nyuma, inakunywa stima kidogo, ndio treni isikimbie kama imeona nyoka. Hakuna mtu alinifundisha.

Leo Madam Jepkoech wa ofisi ya vijana ametangaza. Jumamosi kila kijana alete kitu ametengeneza na mikono yake. Mmoja tu ataenda maonyesho Lodwar, na atapewa pass ya kutoka kambi. Huko kuna chuo cha ufundi, na mwalimu wao wa umeme anatafuta mwanafunzi. Mimi niliingia Kakuma nikiwa wa kubebwa mgongoni. Lodwar nimeisoma kwa vioo vya malori tu. Hiyo nafasi ni yangu.

Mtu wa kunisumbua ni mmoja, Thuok. Ni jirani, ni rafiki, na ametengeneza kitu anaita friji ya makaa. Ni kabati ya waya, kuta zimejazwa makaa, ndani nyanya. Anasema nyanya zinakaa baridi. Makaa! Mimi makaa nimeiona maisha yangu yote na haijawahi kupoesha hata uji. Tena inasimama tu. Nani ameshinda kitu kwa kusimama?

Alikuja kuangalia treni. Akasema mzuri sana, akhui, ndugu yangu, halafu akauliza betri huwa naweka wapi. Kwa nini anataka kujua?

Jumanne, 9 Oktoba

Imesimama. Iko kona ya karibu na stuli ya Anti Nyandeng, pale nyumbani anasukia wateja wake nywele. Nikisukuma na kidole inaenda, ikifika hapo tena inakufa. Jana hiyo kona ilikuwa mzima. Jana Thuok alisimama kwa hiyo kona.

Nimemwita nimpime. Akasema ni vumbi imekaa kwa reli, stima haipiti, nipanguse na kitambaa kikavu. Amejibu haraka sana. Mtu hana makosa hufikiria kwanza.

Nimepanga dawa yangu mwenyewe. Kama adui anamwaga vumbi, basi reli iteleze, vumbi ikose pa kushika. Nimepaka mafuta ya ration reli yote, magurudumu yote, na ndani ya mota nikaongeza kijiko. Anti akauliza sasa tutakaangia nini. Nikamwambia hiyo ni sayansi. Akasema vizuri, leo nikule sayansi.

Nimekula mkate mkavu.

Jumatano, 10 Oktoba

Magurudumu yanazunguka, treni haiendi. Baadaye hata hayazunguki. Sisimizi wamejipanga juu ya reli kutoka mwisho mpaka mwisho. Wao ndio wanasafiri. Sisimizi hawakuji bure. Kuna mtu amewaita.

Nimefungua kichwa cha treni. Ndani, kwa ekseli, kuna uzi mweusi umezungushwa na kukazwa, kama vile watu wanafunga mzigo juu ya basi. Hii ni kazi ya mkono.

Nikamletea Thuok huo uzi usoni ghafla, nione kama atashtuka. Hakushtuka. Watu wabaya hawashtuki. Akauvuta na kucha, akanusa, akasema hii si uzi, ni rasta, nywele za wateja wa Anti zinaanguka na treni inazimeza. Na mafuta imeshika vumbi yote ya nyumba. Nitie tone moja tu kwa ekseli, reli ibaki kavu.

Sasa angalia. Mimi nimeishi na Anti na rasta zake miaka yote na sikujua ni nywele. Yeye amejua kwa kuangalia mara moja. Alizijuaje kama si yeye aliziweka?

Anti alikuwa anasikiliza. Alicheka mpaka akamvuta mteja, mteja akalia. Akasema, "Mading, adui yako anaitwa ufagio. Hamjawahi kusalimiana."

Wako pamoja.

Alhamisi, 11 Oktoba

Leo nimeweka mtego. Nimemwaga majivu kwa sakafu kuzunguka meza, nikaisawazisha ikawa laini kama unga. Adui akikanyaga, nyayo inabaki. Nikaenda sokoni kuchaji betri.

Nimerudi, nyayo ziko kila mahali. Nilisahau Alhamisi ndio kina mama wa kwaya wanasukwa. Nikawaomba wainue miguu mmoja mmoja nilinganishe. Wa kwanza aliinua. Wa pili akauliza mimi ni polisi wa wapi. Wa tatu alisimama na kutoka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama juu, akapita hivyo mpaka bombani. Kila mtu kwa foleni ya maji alimuuliza nani amekufanyia hivi. Akajibu, "Nyandeng." Anti amekataa kuongea na mimi. Chai ananisukumia na mguu.

Halafu upepo wa mchana. Majivu yote ikainuka, ikaingia kwa treni, ikakutana na mafuta. Sasa ndani ya mota kuna uji.

Kila mtu wa Kakuma anajua upepo unakuja mchana. Thuok ni mtu wa Kakuma.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimeosha mota na petroli. Imetembea! Inakohoa, inasimama kufikiria, lakini imetembea. Hapo nikajua leo ndio watamaliza kazi yao, kwa sababu kesho ni maonyesho. Nikafungia kila kitu ndani ya sanduku la bati, reli na treni, nikatia kufuli, nikapandisha sanduku juu ya paa la mabati. Hapo Thuok hawezi kupanda bila sauti. Nikakaa chini ya mti wa jirani kuchunga, jua lote.

Jioni nimefungua. Behewa moja limelegea kama chapati ya moto. Reli zimepinda kama mbuzi amezilalia. Na kufuli haijaguswa.

Basi ana ufunguo wake.

Khalas, imetosha. Kama ni vita, iwe vita. Nimesikia Thuok ana malaria tangu jana, hajatoka nje. Friji yake imesimama uani peke yake. Nikashika makaa, imekauka kabisa, nzuri, inalia ting ting. Na makaa ikilowa si imeisha kazi? Nani ananunua makaa imelowa? Nimechukua mitungi ya nyumbani, yote. Nimemwaga ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka inatiririka chini. Mama mmoja aliyebeba kuni akaniangalia. Nikamsalimia ejok, kwa Kiturkana, kama mtu hana shida. Akajibu, akaendelea.

Anti akauliza maji iko wapi. Hayo ndio maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Nikasema imetumika. Akasema hii sayansi ikiendelea, nyumba hii italala njaa na kiu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Treni yangu ilitoka vizuri, ikafika pale reli imepinda, ikapiga cheche, ikatoa harufu ya mafuta ya kukaanga. Watoto wakauliza kama kuna mandazi. Halafu ikalala upande. Madam Jepkoech akasema asante, Mading, mtu mwingine.

Thuok alikuja amejifunga blanketi, anatetemeka. Akaeleza watu polepole. Akasema ujanja wa hiyo friji si makaa, ni maji. Makaa inakunywa maji, upepo unapita unaikausha, na ile kukauka ndio inaleta baridi. Bila maji ni kabati tu. Akasema alianguka na homa, siku mbili hakuna mtu ameimwagia, alijua amepoteza. Leo ametoka akakuta kuta zote zimelowa vizuri, hajawahi kuzilowesha vizuri hivyo.

Madam akaingiza mkono ndani. Hakuutoa. Kwa hilo joto la ukumbi, nafikiri angeingia mzima. Akachukua nyanya, akaiweka kwa shavu, akafunga macho. Nikajua imeisha.

Wamemchagua Thuok. Halafu yeye akainua mkono akasema hii si yake peke yake. Mama wa kuni ameona Mading akimwaga maji ya nyumba yao yote, bila kuombwa, kwa mtu mgonjwa ambaye anashindana naye. Akaomba Madam aandike majina mawili kwa pass, yeye bado hana nguvu, na hakuna mtu anaiamini friji yake kama mimi.

Watu wakapiga makofi. Anti akalia, akanishika kichwa mbele ya kwaya yote, hata yule wa nusu kichwa. Mimi nilisimama tu.

Kwa nini amefanya hivyo? Nimepata. Anataka nikae karibu, pale anaweza kuniona.

Alhamisi, 18 Oktoba, Lodwar

Nimefika. Nimeona maduka, nimeona mto, nimeona watu wanatembea bila kuulizwa pass. Sisi tuliulizwa.

Njiani kwa lori, Thuok aliweka treni kwa magoti yake. Alikuwa amekuja na kikoleo cha nyusi cha Anti na spiriti ya duka la dawa. Akavuta nywele moja moja, akapangusa magurudumu, akanyoosha reli na mkono, anaimba. Sikumwacha na macho. Tumeiweka kando ya friji, na imezunguka asubuhi yote haijasimama. Sasa si ni wazi? Mtu anatoa kila kitu mahali pake bila kutafuta, maana yake anajua alikoweka.

Mwalimu Odongo wa umeme akakuja. Nyanya hakuziangalia. Akachuchumaa kwa treni. Akauliza hii balbu kwa waya ni akili ya nani. Nikasema yangu. Nani alikufundisha? Hakuna. Akacheka vizuri. Akasema amebakisha nafasi moja, kuanza Jumatatu, lakini ana swali. Amesikia hii mashine ilikuwa inasimama, na shida ilikuwa nini?

Nikasema ukweli. Adui.

Akauliza adui gani. Nikamwangalia Thuok. Akauliza tena, pole pole, ukiondoa adui, shida ilikuwa nini? Nikafikiria vizuri. Nikasema inawezekana walikuwa wawili.

Hapo Thuok akaninong'oneza kwa sikio, sema nywele, sema mafuta. Mimi si mjinga. Hakuna mtu anachukua jibu kutoka kwa mshindani. Nikafunga mdomo.

Mwalimu akamgeukia yeye. Thuok akaniangalia mpaka mwalimu akarudia swali. Akasema nywele, mafuta nyingi, majivu, na jua. Mwalimu akasema huyo ndiye. Mimi akaniambia mikono yangu ni mizuri, nirudi Januari wakiingiza wengine, nikiwa na jibu la mashine, siyo la watu.

Majibu manne, yote sahihi. Hata mwalimu hakubisha moja. Walikuwa wameongea.

Ijumaa, 19 Oktoba, Kakuma

Nimerudi peke yangu. Thuok amebaki Lodwar, chuo kitamshughulikia pass.

Kabla lori litoke alinishika mkono. Akasema malesh, pole, nafasi ilikuwa yako, na yeye hakulala kwa sababu ya hiyo. Akasema kila Jumapili atapiga simu ya Anti, anifundishe yote wamefundishwa hiyo wiki, ndio Januari nijibu swali lolote. Bure.

Nimefikiria njia yote. Mtu anakupa masomo yake bure, anataka nini? Na kwa nini Jumapili? Siku Anti hasuki, nyumba haina mteja, hakuna shahidi.

Nimemwambia Anti akipiga aseme sipo. Nitajifundisha mwenyewe.