Kilo Sabini za Nguo Mbichi

Jumatatu, 6 Oktoba

Hatimaye halmashauri imenikumbuka! Tangazo limebandikwa kwenye lango la soko: atakayeokoa nguo kuukuu nyingi zaidi zisiishie jaani atapewa kibanda chenye paa, bure, mwaka mzima. Zitapimwa Ijumaa ofisini kwao. Chini kulikuwa na maandishi madogo. Sikuyasoma. Hayo ni ya watu wenye nafasi.

Mimi huuza mitumba juu ya turubai, kando ya mtaro. Wiki ijayo mtaro unachimbuliwa upya. Nisipopata kibanda, sina pa kuuzia. Mke wangu ameniuliza tutakula nini. Nimemwambia atulie, mumewe ana mpango. Amefumba macho. Nadhani ni kwa furaha.

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji naye anashindana! Mdogo wa mke wangu, fundi cherehani, anayekula na utepe wa kupimia shingoni. Amekusanya mashati yaliyochanika na suruali zisizo na zipu, anazishona moja moja. Nilimshauri akate tamaa mapema. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akarudi kwenye cherehani yake. Nimemweza!

Mimi nimepita nyumba kwa nyumba na daftari. Nimesema halmashauri imeagiza kila nyumba itoe nguo nne. Si uongo, nimelitangulia tu agizo. Watu wanaogopa daftari kuliko mbwa. Wasiokuwepo nyumbani niliwasaidia mwenyewe, kwenye kamba ya kuanikia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeazima mizani ya muuza mkaa. Kilo thelathini na nane! Shemeji ana kumi na moja, kwa maelezo ya mke wangu, ambaye siku hizi haeleweki yuko upande gani.

Mtu mwingine angeridhika. Lakini nilipokuwa nafua soksi, wazo likanijia. Soksi mbichi ni nzito. Na halmashauri imesema nguo, haikusema kavu! Nimelowesha zote kwenye pipa. Kilo sabini na mbili. Kiuno kimekataa kunyooka, ila moyo mweupe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkosi mtupu. Karani anayepima ni mama mmoja mkali, mtaani wanamwita Bibi Mizani. Aliinua gunia la kwanza, maji yakamwagikia viatu vyake. Nikasema ni umande. Akauliza umande gani saa sita mchana.

Hakunifukuza. Heri angenifukuza! Aliamuru nguo zianikwe kwenye uzio wa ofisi, zikikauka ndipo apime. Uzio wenyewe uko barabarani. Nusu saa haikupita, mtaa mzima ulikuwa unazitambua nguo zake. Mwalimu akaiona suruali yake ya kazini. Muuza mkaa akaliona shati lake la harusi, akanikumbusha mizani niliazima kwa nani. Kisha akaja mama mkwe, akasimama mbele ya gauni lake la zambarau. Hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya kadamnasi, kwamba alimwonya binti yake kabla hajaolewa. Niliona aibu, kusema kweli. Masikio yaliwaka moto.

Uzioni zilibaki soksi tatu na koti langu mwenyewe. Hapo Bibi Mizani akanisomea yale maandishi madogo, polepole, kama anayemsomea mtoto: zinazohesabiwa ni nguo zilizokuwa za kutupwa, zikatengenezwa, zikavalika tena. Shemeji, kilo kumi na nne. Kibanda chake. Koti langu likakataliwa kwa kukosa vifungo.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji amekuja nyumbani. Amesema kibanda ni kipana na watoto wangu ni wake pia. Nichukue nusu ya meza, mradi kila asubuhi nishone vifungo na nisisogelee mizani. Mke wangu alilia. Mimi nililengwalengwa na machozi, nikasingizia vumbi. Kumbe nilikuwa nimeogopa sana. Nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba ujanja basi.

Alasiri nimekwenda kuiona meza. Nzuri, ila nusu ni nusu. Na langoni kuna tangazo jipya: sasa halmashauri inakusanya viatu kuukuu, na mshindi atapata kibanda cha kona, chenye mlango na kufuli!

Viatu havinyonyi maji vizuri, nimeshajaribu. Lakini vina nafasi ndani, na mchanga haudondoki ukiuziba kwa gazeti. Kesho naanza na vya mama mkwe. Ana miguu mikubwa, Mungu ambariki.