Simai wa Mkokotoni na Sufuria ya Pilau Siku ya Idi

Kaeni vizuri, mlio barazani na mlio milangoni. Mwenye kukuna nazi aache kwanza, mwenye redio aizime, na mwenye madeni ya watu asiondoke kwa kisingizio, maana hakuna atakayedaiwa hapa. Yanayokuja ni habari za Simai bin Jaku, mwezeka mapaa wa Mkokotoni, mwenye mabega ya kubeba boriti na ulimi usiojua kubembeleza, aliyeingia mjini Idi ya mwaka sitini na sita akiwa na mke mmoja, watoto watatu na sufuria moja ya pilau, akatoka huko ameshinda vita vilivyowashinda wanaume wenye fedha.

Vita hivyo vilianza mwaka mmoja nyuma, kwa kushindwa. Simai alikuwa amewaleta wanawe kiwanja cha Mnazi Mmoja, mfukoni akiwa na cha kutosha. Lakini kiwanja cha sikukuu kina majeshi yake. Mishikaki ilimvamia kulia, bajia zikamzunguka kushoto, sharubati ikamkata njia ya kurudi, na ilipofika alasiri mfuko wake ulikuwa umetekwa mpaka upindo. Shemsa, binti yake mkubwa, hakuwa amepanda pembea. Si hizi pembea za kamba za kila mtaa; ni ile kubwa ya duara, yenye viti vya rangi, inayozungushwa na wanaume wawili vifua wazi. Alisimama chini yake ameshika kamba ya uzio, akitazama watoto wa watu wakipanda na kushuka, mpaka gari la Mkokotoni likapiga honi. Hakulia. Njia nzima hakulia wala hakusema neno. Na Simai, ambaye kilio cha mtoto angekizima kwa peremende au kwa jicho kali, hakujua kimya kile akizime kwa nini.

Ndipo alipoapa, mbele ya mkewe Mwanakheri na mbele ya kuku wawili waliokuwa uani.

"Mwakani atapanda. Na kiwanjani hatununui chakula, hata punje ya njugu!"

"Na maji?" akauliza Mwanakheri.

"Maji yapo ya mfereji."

"Baba Shemsa, wewe unakwenda sikukuu au unakwenda kuzingirwa?"

"Yote mawili," akajibu shujaa.

Mwaka ukazunguka. Sikukuu ya pili, alfajiri, Mwanakheri akapika pilau yenye nyama na viazi, akaifunga sufuria kwa kanga mbili, na msafara ukatoka. Mbele alitangulia Simai, sufuria kichwani kama taji. Nyuma yake Mwanakheri, na Sichana mgongoni, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kisha Bakar wa miaka sita, mwenye tumbo lisilo na subira, na mwisho Shemsa, miaka minane, ambaye hakuuliza chochote kuhusu pembea, kwa hofu ya kujibiwa. Kwenye upindo wa kikoi cha Simai zilifungwa nauli ya kurudi na thumuni tatu, moja kwa kila mtoto. Zaidi ya hizo hapakuwa na kitu.

Walipoingia kiwanjani, maadui walikuwa wameshajipanga. Moshi wa mishikaki ulikuja kuwalaki usoni.

"Baba, mishikaki!" akalia Bakar.

"Mbele!"

"Baba, kachori!"

"Mbele, Bakar! Wanaume hawageuzi shingo!"

Wakavuka salama, wakatandika mkeka kwenye kivuli, na sufuria ikafunuliwa. Harufu ya mdalasini na iliki ikapanda juu kama bendera.

Sasa, kila aliyelelewa Unguja anajua kwamba mtu hafungui chakula mbele ya macho ya watu akala kimya kama paka. Husema karibu. Na mpita njia naye anajua jawabu lake: ahsante, bismillahi. Aliyekaribisha anakuwa amekaribisha, aliyekaribishwa anakuwa amekaribishwa, na chakula kinabaki pale pale kilipo. Mapatano haya yamelinda sufuria nyingi kuliko vifuniko.

Lakini Simai aliponzwa na kiburi cha ushindi. Badala ya kulisema neno lile kwa sauti ya wastani, akainuka akasimama, akaikabili Mnazi Mmoja nzima, akanguruma:

"Karibuni jamani! Karibuni pilau!"

"Ahsante, bismillahi," wakajibu wapita njia, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu zao. Kisha umati ukapasuka, na akatokea Borafya.

Borafya alikuwa ami yake Mwanakheri, mchukuzi wa bandarini Malindi, mtu wa kubeba magunia mawili ya karafuu kwa safari moja. Harusini alikuwa akiwekewa sinia lake peke yake, si kwa heshima tu, bali kwa usalama wa wengine.

"Nani huyu anakaribisha watu kama sultani na masultani hawapo tena?" akauliza. "Aa! Mwanakheri, mwanangu!"

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, marahaba. Nami nikasema, harufu hii ya marehemu mama'ako."

"Karibu, ami," akasema Mwanakheri, maana angesema nini?

"Nshakaribia," akajibu Borafya, na viatu vilikuwa vimeshavuliwa.

Watoto wakasogezwa kando, kama adabu inavyotaka, mgeni mkubwa ale kwanza. Na vita vikaanza. Mkono wa Borafya uliteremka kwenye sufuria kama nanga, ukapanda na kilima kizima. Ubavu wa mashariki ukaanguka kabla hujahesabu kumi. Viazi vikachukuliwa mateka. Nyama, iliyokuwa imejificha chini ya wali kama askari kwenye handaki, ikatafutwa kipande kwa kipande na hakuna kilichopewa msamaha. Simai alimega tonge ndogo kama za bibi harusi, ili kibaki cha watoto, na kila alichookoa yeye kilikwenda upande wa pili.

"Watu wa siku hizi hawali," akahutubia Borafya, shavu limejaa. "Wanachezea. Sisi tulikuwa tukila, ndiyo maana tukawa na nguvu za kubeba. Kula, Simai! Unaona haya na chakula chako mwenyewe?"

"Nnakula, ami," akasema Simai, kwa sauti ya mtu anayetazama paa lake likichukuliwa na upepo.

Borafya akalamba vidole, akamshukuru Mola, akawabariki watoto mmoja mmoja kwa mkono juu ya kichwa, akaenda zake akiyumba kwa shibe. Kwenye sufuria palikuwa pamebaki ukoko, nusu kiazi na karafuu nne.

Watoto wakagawana ukoko. Sichana akalia. Bakar akatazama sufuria, akamtazama baba yake.

"Baba, mimi sijashiba. Mimi hata sijaanza."

Mwanakheri akamsogelea mumewe, akanong'ona: "Tununue muhogo wa kuchoma. Wa thumuni tu, watoto watulie."

"Thumuni ya nani?"

Shemsa ndiye aliyejibu, naye alikuwa anakunja pembe ya mkeka, hakuinua uso.

"Yangu, baba. Mimi nshazoea."

Enyi mlio hapa, ziko tarumbeta zinazopigwa na majeshi yakasimama. Lakini hakuna iliyowahi kumsimamisha mtu kama maneno yale machache yalivyomsimamisha Simai bin Jaku. Akafunga kikoi upya.

"Kunjeni mkeka. Tunakwenda."

"Wapi?" akauliza Mwanakheri.

"Mbele."

Hatua arubaini kutoka pale alikuwa amekaa Taherali, mwenye duka la nguo Mkunazini, pamoja na mkewe Nurjehan na jamaa zao wachache, kwenye zulia la maua. Katikati yao lilikaa sinia la biriani, kubwa kama gurudumu la gari la ng'ombe, zafarani yake ikiwaka juani. Simai akawaongoza watu wake wakapita kando ya zulia, polepole, kama jeshi linalopima ngome.

"Karibuni, bwana. Karibuni, bibi. Chakula," akasema Nurjehan, bila hata kuinua macho, kama alivyokwisha kuwaambia watu mia asubuhi ile.

Hapo Simai akasimama, na moyo wake ukampiga vita. Maana aitikiaye karibu ya njiani huitwa mroho, na jina hilo hufika Mkokotoni kabla ya gari. Miaka arubaini na miwili hajapata kuitikia. Baba yake alikufa hajaitikia. Ahsante ilikuwa imeshafika kwenye meno, imejipanga kutoka. Akaimeza.

"Tumekaribia," akasema.

Mwanakheri akajifunika uso kwa buibui.

"Umesemaje, bwana?" akauliza Taherali, tonge mkononi.

"Nimesema tumekaribia. Mimi ni Simai bin Jaku, naezeka mapaa, na sijapata kumwomba mtu. Sufuria yetu ilipata mgeni aliyeizidi nguvu. Wanangu wana njaa, na fedha niliyonayo ina kazi nyingine, siigusi. Bibi huyu amesema karibu. Kama lilikuwa neno tu, nambie, twende zetu, hatutakasirika."

Nurjehan akainua macho. Kisha akampiga mumewe kofi la bega.

"Taherali, sogea! Huoni watu wamekuja? Miaka kumi na moja, bwana Simai! Kila Idi napika ya watu ishirini, nakaa hapa nasema karibuni mpaka koo linakauka, na wote: ahsante, ahsante, ahsante! Wanakimbia kama biriani yangu ina sumu!"

"Kisha inarudi nyumbani," akasema Taherali kwa huzuni ya kweli. "Naila siku tatu mchana na usiku. Kaa, ndugu yangu. Kula. Niokoe."

Wakakaa. Bakar alikula kama aliyetumwa kulipiza kisasi cha ukoo. Sichana akalala na mfupa mkononi. Mwanakheri alianza kwa haya na tonge moja, na kufika ya sita walikuwa yeye na Nurjehan wamekwisha kuingia kwenye mashauri ya zafarani. Na katikati ya shibe ile Borafya akapita tena.

"Karibu, babu!" akapiga kelele Bakar, mdomo umejaa, na damu ikamganda Simai.

Borafya akalitazama sinia kwa majonzi, akajipapasa tumbo.

"Ahsante, mjukuu wangu, bismillahi. Nshakula."

Alasiri, thumuni tatu zikatoka kwenye upindo wa kikoi. Bakar akapanda, akapiga mayowe. Sichana akapakatwa na mama yake, akalia. Na Shemsa akapanda peke yake, kwenye kiti chekundu, na wale wanaume wawili wakaizungusha pembea, na alipofika juu kabisa wakaisimamisha ili mwingine apande chini. Akabaki kule, juu ya minazi na juu ya moshi wa mishikaki, mikono miwili kwenye chuma. Hakupiga mayowe. Alicheka peke yake, akitazama mbali. Njia ya kurudi alisema tangu Mnazi Mmoja mpaka Mkokotoni, hakunyamaza hata palipokuwa na mashimo, na Simai hakumnyamazisha.

Miaka sita baadaye Mwanakheri alipanga foleni kumwandikisha Sichana skuli. Karani alikuwa mgeni, kijana wa mjini.

"Mtoto amezaliwa lini, bibi?"

"Alikuwa anaanza kutembea Idi ile Shemsa alipopanda pembea."

"Idi ipi hiyo?"

Mwanakheri akamtazama kwa mshangao, mtu wa serikali mzima asiyejua jambo kama lile. Akageuka nyuma, awaombe wenzake msaada. Foleni yote, kina mama wa Mkokotoni na wengine waliovuka maji kutoka Tumbatu, ikamjibu karani kwa sauti moja:

"Ya sitini na sita!"

Karani akachovya kalamu, akarudi mwaka na nusu nyuma ya Idi ile, akaandika.